Saa 48 bila karatasi

Watanzania wengi wanaijua nusu moja ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Tawala za Mikoa. Wanajua kwamba mkuu wa wilaya anaweza kunyoosha kidole katikati ya mkutano wa hadhara, akasema "huyu mweke ndani", na askari akamwondoa mtu mbele ya mkewe na majirani zake. Muda wake pia wanaujua, saa 48. Hata mwanafunzi wa darasa la nne atakutajia. Nusu ya pili haijulikani. Sheria hiyohiyo, iliyotungwa mwaka 1997, inamtaka mkuu wa wilaya aliyeamuru mtu akamatwe aandike sababu zake mapema iwezekanavyo, na nakala ya maandishi hayo imfikie hakimu.

Nilikuwa karani wa masjala katika mahakama ya wilaya, wilaya ambayo sitaitaja kwa kuwa bado naishi humo na kusalimiana na watu wake. Kila karatasi iliyoingia mahakamani ilipita mezani kwangu: hati za mashtaka, viapo, barua za wadaawa, majalada yaliyorudi kutoka Mahakama Kuu, mpaka ankara za maji. Nilipiga muhuri wa kupokea, nikaandika tarehe, nikagawa. Wakuu wa wilaya walikuja na kuondoka, wapole na wakali, na karibu wote waliwahi kuweka watu ndani. Nakala ya sababu walizoziandika, ile inayotakiwa na sheria, sikuipokea hata moja. Niliwahi kuwauliza makarani wa wilaya nyingine tulipokutana kwenye mafunzo, wakati wa chai. Mmoja akaniuliza, "Ndiyo nini hiyo, dada?"

Kifungu chenyewe si kirefu. Kinampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru akamatwe mtu anayetenda kosa mbele yake, au ambaye ana sababu ya kuamini kwamba ametenda kosa la kumfikisha mahakamani. Kinamruhusu pia kuamuru akamatwe mtu anayeelekea kuvunja amani, ila kwa sharti: iwe hakuna njia nyingine yoyote ya kuzuia uvunjifu huo isipokuwa kumshika. Akishakamatwa apelekwe kwa hakimu haraka iwezekanavyo. Zikipita saa 48 hajafikishwa, aachiwe, na asikamatwe tena kwa sababu ileile. Kifungu cha 7 kinatoa madaraka ya namna hiyo kwa mkuu wa mkoa. Na atakayeyatumia vibaya anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, kosa la matumizi mabaya ya mamlaka.

Kisome taratibu utaona kwamba kila mstari unamtazama hakimu. Saa 48 ni kikomo cha kumchelewesha mtu njiani kuelekea mahakamani. Yanayotokea wilayani ni kinyume chake. Mtu anashikwa, analala, anaachiwa saa ya 40 au ya 47, na mahakama haina habari kwamba alikuwapo. Adhabu imeshatolewa na kutumikiwa bila shtaka, bila shahidi, bila utetezi. Rufaa nayo haipo, maana utakataje rufaa dhidi ya hukumu ambayo haikuandikwa popote?

Kwetu siku mbaya ilikuwa Ijumaa. Ukishikwa Ijumaa mchana, mahakama inafungwa jioni, Jumamosi na Jumapili hakuna hakimu kazini, na saa 48 zinaisha Jumapili mchana. Wakili, kama familia ina fedha ya wakili, atafika kituoni na kukuta faili halipo la kusoma. Jumatatu asubuhi ninapofungua dirisha la masjala, mtu yuko nyumbani kwake anaoga. Sitasema kwamba kila aliyekamatwa Ijumaa alipangiwa Ijumaa. Nasema tu kwamba waliokamatwa Jumatatu sikuwasikia sana.

Nitasimulia kisa kimoja, kwa kuwa mhusika ameshafariki na watoto wake wameniruhusu. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mkulima wa korosho na mihogo, mtu wa chama tawala tangu enzi ya kadi za TANU. Kijiji kilichangishwa fedha za kumalizia madarasa mawili na kila kaya ikatoa. Mkuu wa wilaya alipokuja na msafara wake, mzee alinyoosha mkono, akaruhusiwa, akauliza ni lini mapato na matumizi ya michango ile ya mwaka uliopita yatasomwa, kwa sababu yeye ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuikusanya na sasa watu wanamdai majibu yeye. Aliuliza kwa adabu zote, akimwita "mheshimiwa" kijana wa umri wa mwanawe wa tatu.

"Mzee, kumbe ndiye wewe unayekwamisha maendeleo hapa," akajibiwa. Mkuu wa polisi wa wilaya akaamriwa: "OCD, ondoka naye."

Akapandishwa kwenye defenda. Kituoni akavuliwa mkanda na viatu, ugoro wake ukabaki kaunta, akaingizwa selo pamoja na vijana wa bangi na mwizi wa mbuzi. Mkewe alifika jioni na uji na dawa za presha. Askari wa zamu, ambaye namfahamu na ni mtu muungwana, alimwambia, "Mama, dawa nitampa, na uji atakunywa. Dhamana sina uwezo nayo, huyu ni wa mheshimiwa." Mzee alitoka Jumapili jioni. Hakuandika maelezo, hakuambiwa kosa, hakutia saini popote isipokuwa pale alipopokea mkanda wake.

Jumatatu mwanawe alikuja dirishani kwangu. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia, akasema anaomba kujua kesi ya mzee itatajwa lini ili wajipange nauli. Nikafungua rejista ya kesi za jinai, nikashuka na kidole mpaka mwisho wa ukurasa. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako hana kesi hapa."

"Mama, hebu angalia tena," akasema. "Alilala ndani siku mbili."

Niliangalia tena, kwa heshima yake, nikijua sitakuta kitu. Yule kijana hakuwa mjinga. Alikuwa na imani ya raia wa kawaida kwamba serikali haimfungii mtu bila mahali fulani kuandikwa kwa nini. Nimekutana na mawakili wenye imani ndogo kuliko hiyo.

Michango haikusomwa. Mkutano wa hadhara uliofuata ulikwenda vizuri sana, kama taarifa zilivyosema. Nilikuwapo, na ulipofika muda wa maswali hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji alilazimika kuuliza yeye mwenyewe, swali la mbegu za ruzuku, ili ratiba isije ikaonekana ina pengo. Kwa mtu mmoja kulala selo siku mbili, kijiji kizima kilinyamaza kwa mwaka na zaidi. Ukitaka kujua kwa nini madaraka haya yanapendwa, anzia hapo.

Hebu sasa tulinganishe na polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, ukiacha makosa yenye adhabu ya kifo, inampa mkuu wa kituo saa 24 kumfikisha mtuhumiwa mahakamani au kumpa dhamana. Huyu ni mtu aliyepita chuo cha polisi Moshi, aliyefundishwa kuandika maelezo, anayejua tofauti ya kosa na kero, na mwenye mkubwa wa kumwajibisha kijeshi. Mkuu wa wilaya ni mteule wa Rais. Anaweza kuwa mwanasheria mzuri, na anaweza kuwa mtangazaji wa zamani wa redio au kiongozi wa vijana wa chama aliyekosa kura za maoni. Hakuna mtihani wa sheria anaofanya kabla ya kuapishwa. Huyu ndiye tuliyempa saa 48, mara mbili ya polisi. Nimesikiliza hotuba nyingi za kutetea madaraka haya na sijasikia mtu anaielezea hesabu hiyo.

Chimbuko lake linajulikana. Wakati wa Mwingereza, DC, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa msimamizi wa kodi, mkubwa wa machifu, na hakimu kwa wakati mmoja. Ulikuwa utawala wa kushika watu, nao ulifanya kazi hiyo bila kuona haya. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kosa la kashfa kwa sababu ya makala katika jarida la Sauti ya TANU iliyowatuhumu maDC kwa uonevu. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akatiwa hatiani, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa. Miaka minne baadaye Tanganyika huru ikatunga sheria za wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo, na madaraka ya kukamata yakakabidhiwa kwa watu ambao walikuwa pia makatibu wa chama wilayani. Mwaka huohuo wa 1962 ikaja na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Nampenda Mwalimu na picha yake iko sebuleni kwangu, lakini hapa sina namna ya kumtetea. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote DC mwenye madaraka anavyokuwa.

Mwaka 1991 ikaundwa tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuangalia mfumo wa vyama. Pamoja na mambo mengine tume ilitaja sheria 40 za kukandamiza zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Tukaingia vyama vingi mwaka 1992. Bunge lilipotunga Sheria ya Tawala za Mikoa mwaka 1997 lilizifuta zile mbili za 1962, za mikoa na za maeneo, na kwa mkono uleule likayarudisha madaraka ya kukamata katika sheria mpya, safari hii na masharti: hakimu, maandishi, kikomo, kifungu cha 96. Masharti hayo ndiyo yalikuwa bei ya kuyabakiza madaraka. Bei haikulipwa, bidhaa ikachukuliwa. Mwaka uleule wa 1997, Kenya, chini ya shinikizo la mageuzi kabla ya uchaguzi, ilikuwa inaipunguza makali Sheria ya Mamlaka ya Machifu, ambayo nayo ilirithiwa kwa Mwingereza.

Wapo watakaosema natafuta kisa cha mzee mmoja wa kijijini kuichafua ofisi nzima. Basi tuchukue yale yaliyo kwenye kumbukumbu za umma. Bukoba, Februari 2009: mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani, na askari akawachapa. Rais Kikwete alimfukuza kazi. Kinondoni, Novemba 2015: mkuu wa wilaya wa wakati huo, Paul Makonda, aliagiza maofisa ardhi wawekwe ndani kwa kuchelewa kufika kwenye kikao. Kinondoni tena, Julai 2017: mkuu wa wilaya Ally Hapi aliamuru mbunge wa Kawe, Halima Mdee, ashikwe kwa saa 48 kwa maneno yaliyoelezwa kuwa ni ya kumkashifu Rais.

Tazama ya pili, maana ndiyo iliyopita kirahisi na wengi tulicheka. Kuchelewa kazini ni utovu wa nidhamu. Utumishi wa umma una kanuni zake: onyo, karipio, kukatwa mshahara, kushushwa cheo, kufukuzwa. Hakuna kosa la jinai linaloitwa kuchelewa, na kifungu cha 15 kinazungumzia makosa na amani. Ofisi za ardhi zimetusumbua wote, kwa hiyo tuliona wamekoma. Hatukujiuliza: kama ofisa mwenye shahada na mwajiri anawekwa ndani kwa jambo ambalo si kosa, mama lishe atawekwa ndani kwa lipi?

Nafika sasa kwenye jambo linaloniudhi zaidi, ambalo ni makofi.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya hadhara. Mradi wa maji umekwama, bomba lina kutu, pampu imelala chini ya turubai. Mkuu wa wilaya anamwita mkandarasi mbele, anamhoji dakika tano, mkandarasi anababaika kwa sababu ni mbabaishaji kweli, na hapo inatoka: weka ndani. Uwanja unalipuka. Kina mama wanapiga vigelegele. Kamera inageuka kuwachukua. Jioni ni taarifa ya habari, na kesho yake watu wanasema tumepata DC. Sasa fuatilia, kama mimi nilivyokuwa na nafasi ya kufuatilia nikiwa masjala. Hakuna hati ya mashtaka iliyokuja. Hakuna kesi ya madai ya halmashauri dhidi ya mkandarasi iliyofunguliwa, ambayo ndiyo ingerudisha fedha. Jalada la uchunguzi wa rushwa sikuliona. Mkandarasi akatoka Jumapili, akahamisha mitambo yake wilaya ya jirani, na pampu nimeiona mwaka huu ikiwa palepale, turubai limechanika. Wananchi walilipwa kwa tamasha. Kwa mkuu wa wilaya mambo yalikwisha pale makofi yalipokwisha, maana kufungua kesi kunataka mikataba isomwe, na mikataba ikisomwa huenda ikaonekana nani alisaini malipo ya awali.

Ndiyo maana siukubali usemi kwamba hizi ni hatua kali za kuwalinda wanyonge. Mnyonge analindwa na jalada lenye namba. Na mkono unaomkamata mkandarasi huku tukishangilia ni ule uliomkamata mwenyekiti wa kitongoji. Ukiuacha bila kizuizi kwa ajili ya mmoja, umeuacha kwa ajili ya wote.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naichukulia kwa uzito. Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, na zipo wilaya ambazo kituo cha polisi kiko mbali na moto unaweza kuwaka usiku mmoja. Hakuna anayepaswa kusahau Rudewa Mbuyuni, Kilosa, Desemba 2000, ambako wakulima 38 waliuawa katika ugomvi na wafugaji. Ukiniuliza kama ningependa mtu mwenye mamlaka angewashika wachochezi siku mbili kabla, nitasema ndiyo, na wala sitauliza karatasi kwanza.

Lakini siku kama hiyo mkuu wa wilaya hakosi wa kumtuma. Polisi wana uwezo wa kumkamata bila hati mtu wanayemshuku kwa sababu za msingi, na OCD anakaa kwenye kamati hiyohiyo, pembeni yake. Raia wa kawaida anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa mbele yake. Hakimu anaweza kumwita mtu anayetishia kuvunja amani na kumfunga dhamana ya kutunza amani. Nimeandaa wito wa namna hiyo kwa mkono wangu, kwa wanandugu waliotoleana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba, na ulifanya kazi. Vyombo vipo. Alichoongezewa mkuu wa wilaya na kifungu cha 15 ni uwezo wa kufanya haya bila kumshawishi polisi wala hakimu kwamba kuna sababu. Na Rudewa ilitokea wakati kifungu hicho kipo vitabuni, miaka mitatu tayari.

Upo na ugonjwa mpana zaidi, wa amri ya mdomo, ambao naupitia haraka. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alisema wananchi hawapaswi kuomba kibali ili wakutane, na sheria ikarekebishwa kuwa ya kutoa taarifa. Hata hivyo kuanzia 2016 mpaka Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, bila Bunge kutunga sheria ya kuizuia. Rais Samia alipoiruhusu tena tulishukuru. Nilishangaa tulivyoshukuru. Kilichoondolewa kwa tamko kilikuwa kimewekwa kwa tamko, na Katiba ilikuwa kabatini muda wote.

Mtu aliyewekwa ndani kwa uonevu afanyeje? Katiba, ibara ya 15, inamlinda dhidi ya kukamatwa nje ya utaratibu wa sheria. Haki hizo ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Kuna sheria ya 1994 inayoeleza namna ya kuzidai, Mahakama Kuu, mbele ya majaji watatu. Mwaka 2020 sheria hiyo ilirekebishwa: anayefungua shauri aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na kwanza amalize njia nyingine zote. Kwa hiyo mashirika ya kutetea haki, yenye mawakili na fedha, yaliambiwa yakae pembeni, na mwenyekiti wa kitongoji mwenye presha ndiye aliyetakiwa asafiri kwenda mjini kuishtaki serikali kwa ajili ya saa 48 ambazo hana hata karatasi ya kuthibitisha kwamba zilipita. Yule mzee aliambiwa na mwanawe waende. Akasema yeye anataka kupalilia.

Kifungu cha 96 nacho kipo. Mashtaka yote ya jinai yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ni mteule wa Rais, kama alivyo mkuu wa wilaya. Sisemi zaidi.

Mawaziri wa vipindi tofauti wamewaonya wakuu wa wilaya wasitumie madaraka haya ovyo. Ni maonyo mazuri, na yanatolewa upya kila wanapoapishwa wapya, jambo linaloonyesha jinsi yanavyosikika. Januari 2023 Rais aliunda tume ya kuangalia haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa Julai mwaka huo. Utitiri wa mamlaka zinazokamata watu ulikuwa miongoni mwa yaliyojadiliwa sana wakati huo. Msimamo wangu ni mwepesi: vifungu vya 7 na 15 viondolewe madaraka ya kukamata, vyote viwili, bila kuongezewa kamati wala mwongozo. Mkuu wa wilaya anayeona kosa ampigie simu OCD kama mimi ninavyofanya mwizi akiingia kwangu, na aandike maelezo ya shahidi kama mimi.

Bunge likichelewa, yapo ambayo hayahitaji Bunge. Hakimu mfawidhi wa wilaya anaweza kumwandikia mkuu wa wilaya kila robo ya mwaka: umeamuru watu wangapi wakamatwe, na nakala za sababu ziko wapi? Akijibiwa hakuna, amwombe OCD rejista ya mahabusu, maana polisi huandika jina la kila anayeingia selo, saa aliyoingia na aliyemleta. Ndugu anayefika kaunta na uji aulize, kwa upole, amri ya maandishi iko wapi na imepelekwa mahakama gani. Na askari wa zamu aidai kabla ya kufunga mlango wa selo, kwa faida yake mwenyewe. Siku mahabusu akizidiwa na presha usiku na kufa, hakimu anayechunguza kifo hatampigia simu mheshimiwa, ambaye huenda atakuwa ameshahamishiwa wilaya nyingine. Atamwita aliyekuwa na funguo.